Kebo Imefika Chumbani, Intaneti Haijafika: Dalili na Vyanzo Vyake

Nyumba nyingi za Nairobi zina kuta za mawe, na slabu ya zege kati ya ghorofa na ghorofa. Waifai inayotoka sebuleni ikifika chumba cha tatu huwa imeshachoka. Kwa hiyo mtu huita fundi, kebo zikavutwa hadi chumba cha kulala, chumba cha kazi na kwa watoto, na siku ya kwanza kila kitu kinafanya kazi. Malalamiko huja baadaye, na ni yale yale kutoka Umoja hadi Kileleshwa: taa ya tundu la kebo haiwaki, taa inawaka lakini intaneti hakuna, kasi imepungua, au mtandao unakatika kila jioni.

Shika jambo moja kabla ya yote: kosa mara nyingi liko kwenye ncha. Ni plagi, soketi ya ukutani, adapta ya swichi ya mtandao (kisanduku kinachogawa kebo ya rauta kwa vyumba), au kifaa kilichochomekwa pasipo pake. Kebo iliyotulia ndani ya paipu ukutani haina kikubwa cha kuidhuru, isipokuwa msumari, panya au maji. Usikubali mtu apasue ukuta wako kabla ncha zote mbili hazijapimwa.

Pima kwanza, ukianzia kwenye rauta

Unahitaji vitu vitatu. Laptopu yenye tundu la kebo, kebo fupi ya kiwandani unayoiamini, na tesita ya kebo, ile yenye vipande viwili vinavyotenganishwa. Tesita ya kawaida haina bei kubwa na maduka ya Luthuli Avenue yanayo.

Zima waifai kwenye laptopu. Watu husahau hatua hii, wakapima waifai wakidhani wanapima kebo. Kisha ichomeke laptopu moja kwa moja kwenye rauta kwa ile kebo fupi na upime kasi. Kama hapo penyewe intaneti ni mbovu, nyaya za nyumba yako hazina hatia; mpigie mtoa huduma. Kama ni nzuri, nenda kwenye swichi upime tena, kisha soketi ya chumbani. Mahali mambo yanapoharibikia, kosa liko kwenye kipande ulichokivuka sasa hivi. Ukiruka hatua utabadilisha vitu vizima na kuacha kibovu.

Dalili: taa ya tundu haiwaki kabisa

Anza na umeme, hata kama unaona ni jambo dogo. Swichi ya mtandao imefichwa nyuma ya kabati, imechomekwa kwenye ekstensheni, na mtu amezima soketi ili achaji simu mahali pengine. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, adapta ndogo huwa za kwanza kufa. Hapa kuna onyo: adapta za volti 5, 9 na 12 huweza kuwa na kichwa kinachofanana kabisa. Swichi ya volti 5 ukiipa 12 unaweza kuiua papo hapo. Soma kilichoandikwa chini ya swichi. Volti ziwe zile zile, mpangilio wa chanya na hasi uwe ule ule, na ampea ziwe sawa au zaidi.

Umeme ukiwa sawa, sukuma plagi mpaka usikie mlio. Klipu ya plastiki iliyovunjika haishiki, na plagi hurudi nyuma kidogo tu, kiasi cha kuzima taa bila jicho kuona. Jaribu tundu jingine la swichi. Halafu hakikisha kwamba kebo unayoitazama ndiyo inayokwenda chumba hicho. Kama fundi aliacha kebo sita nyeupe bila lebo hata moja, kuna uwezekano ya chumba cha watoto haijachomekwa popote.

Bado? Sasa tumia tesita. Chomoa kebo kwenye vifaa vyote pande zote mbili, weka kipande kimoja kila upande, kisha tazama taa namba 1 hadi 8. Taa isiyowaka ina maana waya huo haujagusa au umekatika. Taa zinazowaka kwa mpangilio uliovurugika zina maana rangi zimepangwa tofauti kwenye ncha mbili.

Tiba ni kukata plagi na kuifunga upya, ukianza na ncha iliyo rahisi kufikia. Shika plagi klipu ikiwa chini na mdomo wa kuingizia nyaya ukikuelekea. Namba 1 iko kushoto. Mpangilio unaotumika sana, unaoitwa T568B, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fuata huo huo pande zote mbili. Usifumue msokoto wa nyaya zaidi ya milimita 13 hivi, na ganda la nje la kebo liingie ndani ya plagi ili libanwe pamoja nayo. Plagi inayoshikwa na nyaya nyembamba peke yake itang'oka siku ya kwanza mtu akisogeza meza. Kwenye soketi ya ukutani, fuata rangi zilizochorwa kwenye soketi yenyewe chini ya herufi B, kwa sababu matundu yake hayafuati safu ya plagi.

Ukizifunga ncha zote mbili upya na namba zile zile bado zimekufa, hapo ndipo unapoweza kusema kebo imekatika njiani. Jiulize ni nani aliyepigilia msumari wa picha au wa fimbo ya pazia hivi karibuni. Kama kebo imepita kwenye paipu, funga kebo mpya kwenye mkia wa ile ya zamani kisha vuta pole pole, mtu mmoja akisukuma upande wa pili. Ikikwama, usitumie nguvu, maana kebo iliyonyooshwa hupoteza umbo la msokoto wake wa ndani na haitakuwa sawa tena.

Simama hapa: ukifungua boksi la ukutani ukakuta kebo ya intaneti imepita paipu moja na nyaya za stima, usivute chochote. Zima umeme kwenye boksi kuu na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Umeme wa Kenya ni volti 240, na ganda la kebo ya intaneti halikutengenezwa kuuzuia. Usimwachie mtu wa mtandao kazi hiyo, hata akijiamini vipi.

Dalili: taa inawaka, intaneti hakuna

Angalia anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho kwenye mtandao, ambayo laptopu imepewa. Itakuonyesha pa kwenda.

Ikianza na 169.254, laptopu haikupewa anwani na mtu yeyote, ikajipachika yenyewe. Zima rauta na swichi, washa rauta, subiri itulie, kisha washa swichi. Ikirudi vilevile, rudi kwenye tesita; kuna kebo ambazo taa huwaka ilhali data haipiti vizuri.

Ikiwa na anwani inayoonekana ya kawaida lakini tofauti na ya rauta yako kuu, kwa mfano kuu inatoa 192.168.1 na wewe umepewa 192.168.0, basi kuna rauta ya pili inayogawa anwani ndani ya nyumba. Hiki ndicho chanzo ninachokisikia zaidi kwenye dalili hii. Mtu amebadilisha mtoa huduma, rauta ya zamani imebaki, na badala ya kununua swichi anaichomeka chumbani itumike kugawa matundu. Wazo ni zuri na linaokoa pesa, ila rauta ile bado inajiona ndiyo mkubwa wa nyumba. Leo laptopu inapewa anwani na rauta ya kweli, kesho na ile ya zamani isiyo na intaneti nyuma yake, na hapo mwenye nyumba anaapa kwamba kebo "inachagua siku".

Rekebisha hivi. Chomoa rauta ya zamani kwenye mtandao wa nyumba, iunganishe na laptopu peke yake, na uingie kwenye mipangilio yake. Ipe anwani iliyo kwenye safu ya rauta kuu lakini isiyotumika na kifaa kingine. Kama kuu ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani. Hifadhi. Kisha irudishe ukitumia matundu ya LAN (ya vifaa vya nyumbani) tu, na uache lile la WAN (la kupokea intaneti) wazi. Waifai yake unaweza kuiacha ikafanya kazi. Utakuwa umepata waifai ya chumbani pia.

Ukiichomeka kwa tundu la WAN intaneti inaweza kupita, lakini umejenga mtandao ndani ya mtandao. Printa iliyo sebuleni haionekani chumbani, na simu haiwezi kurusha video kwenye televisheni. Kama hayo ndiyo malalamiko ya nyumba yako, usihangaike na printa. Tazama tundu.

Dalili: kasi inagota kwenye Mbps 94 au 95

Kwanza soma kifurushi unacholipia. Kama ni Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 au 40, huwezi kupata zaidi kwenye kipimo cha kasi, na dalili hii haikuhusu. Kama unalipia zaidi ya 100 na chumbani hupati hata siku moja zaidi ya 95, kiungo kimeanguka kwenye Mbps 100.

Angalia kifaa kabla ya kebo. Televisheni nyingi, hata za kisasa, zina tundu la Mbps 100 tu, na hilo si kosa wala halitaharibu filamu. Swichi za bei ya chini zilizoandikwa 10/100 haziwezi kuvuka hapo. Vilevile adapta za USB za kuongezea laptopu tundu la kebo: soma maandishi yake.

Ikiwa vifaa vyote ni vya gigabiti (Mbps 1000), basi kosa liko kwenye waya. Mbps 100 hutumia nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji zote nane. Waya mmoja kati ya 4, 5, 7 na 8 usipogusa vizuri, vifaa kwa kawaida hushuka hadi 100 na kuendelea kimya kimya. Tesita itakuonyesha taa iliyokosekana. Funga ncha upya.

Mtu mwenye kifurushi kidogo huniuliza kama aihangaikie. Kwa kasi, hapana. Lakini waya uliolegea leo hukaa jirani na wa kesho, na plagi ni kitu cha bei ndogo sana. Mimi ningeifunga upya.

Kuna kosa jingine ambalo tesita ndogo haioni kabisa, na limewapotezea watu pesa nyingi za kubadilisha rauta. Fundi amepanga rangi kwa kufuata jozi zinavyokaa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-buluu, buluu na kuendelea, pande zote mbili. Tesita inawasha taa zote nane kwa mpangilio mzuri, kwa sababu kila namba imefika kwenye namba yake. Lakini namba 3 na 6 zinatakiwa ziwe waya mbili zilizosokotwa pamoja, na hapa zimetoka kwenye jozi mbili tofauti. Ule msokoto ndio unaozima kelele ya umeme inayoingia njiani. Ukiuvunja, kebo fupi itaonekana nzima, ile ya mita 20 itakuwa polepole au itakataa gigabiti. Plagi nyingi zina plastiki inayoonyesha ndani: tazama kwa jicho. Kwa mpangilio wa T568B, kijani na nyeupe-kijani lazima ziwe kwenye 3 na 6, buluu mbili zikiwa katikati. Ukiona kijani mbili zimekaa bega kwa bega kwenye 3 na 4, umeshampata mhalifu. Kata, funga upya, pande zote.

Dalili: mtandao unakatika na kurudi

Hapa subira inahitajika. Fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt ya Windows) kwenye laptopu iliyochomekwa chumbani. Katika la kwanza andika ping 192.168.1.1 -t, au anwani ya rauta yako, na katika la pili ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Ziache zikimbie saa ambazo shida huja. Zote zikikatika pamoja, kosa liko ndani ya nyumba yako. La rauta likiendelea vizuri na la pili likakatika, tatizo liko nje. Piga picha ya skrini umtumie mtoa huduma. Ukimpelekea ushahidi wa namna hiyo, hutaambiwa uzime rauta uwashe.

Kama ni ndani, kinachoongoza ni kile kipande kifupi cha kebo kati ya soketi ya ukutani na kifaa, kinachokanyagwa na mguu wa kiti au kubanwa na mlango. Badilisha hicho kwanza. Kinachofuata ni plagi iliyofungwa vibaya. Kebo ya ukutani ina nyaya za shaba nzima, ngumu, na kuna plagi zilizotengenezwa kwa nyaya laini za nyuzinyuzi tu. Ukizioanisha vibaya, meno ya plagi hugusa leo na kuachia kesho joto likibadilika. Ndiyo sababu kebo ya ukutani inafaa iishie kwenye soketi, kisha kebo laini ya kiwandani ipokee kutoka hapo.

Halafu kuna kebo yenyewe. Sokoni kuna kebo iliyoandikwa Cat6 (daraja la kebo, la juu kuliko Cat5e) ambayo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini itang'aa nyeupe. Sanduku lake la mita 305 huwa jepesi kulibeba kuliko la shaba. Alumini ina upinzani mkubwa zaidi, hukatika ukiikunja mara chache, na haifai kabisa kubeba umeme wa kamera au antena. Nasema wazi: kama kebo haijaingia ukutani bado, irudishe dukani. Cat5e ya shaba halisi hupitisha gigabiti moja hadi mita 100, na nyumba yako haina mita 100. Afadhali hiyo kuliko Cat6 ya alumini.

Mtandao ukikatika kila mara pampu ya maji, mikrowevu au pasi inapowashwa, fuatilia kama kebo imelazwa sambamba na waya wa stima. Itenge. Pale lazima zikutane, zipishane kwa pembe ya mraba. Na kama ni nyumba ya kupanga, ongea na keateka kabla ya kutoboa. Mfereji wa plastiki wa kugandisha ukutani unatosha, na siku ya kuhama unauondoa.

Dalili: ukichomeka kebo moja, nyumba nzima inazima

Taa zote za swichi zinapepesa kwa kasi kwa pamoja na hakuna anayepata chochote, hata wa waifai. Kebo moja imerudi ilikotoka: ncha zote mbili ziko kwenye swichi ile ile, au swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo mbili. Data inazunguka bila mwisho. Hutokea sana baada ya kufagia, mtu akaona plagi inaning'inia akaichomeka kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Chomoa kebo zote isipokuwa ile ya rauta, rudisha moja moja, na utakayoirudisha nyumba ikazima ndiyo yenyewe. Huhitaji fundi.

Dalili: shida iko kwenye kebo inayotoka nje

Kebo za kwenda kwenye SQ (nyumba ndogo ya mfanyakazi), getini au juu ya paa huharibika majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Kebo nyeupe ya ndani ikianikwa juani ganda lake hupasuka, maji huingia na kutembea hadi kwenye plagi. Fungua plagi: ukiona kutu ya kijani kwenye meno, kuikausha hakusaidii. Kata hadi ufike kwenye shaba safi, au badilisha kebo uweke ile nyeusi ya nje, na uiache ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta ili maji yadondoke kabla ya kuingia.

Kati ya nyumba mbili ningeweka faiba (kebo inayobeba data kwa mwanga) na vigeuzi viwili vya gigabiti, kimoja kila upande. Faiba haipitishi umeme. Shaba iliyotoka nje huleta msukosuko wa radi hadi kwenye swichi, na kutoka hapo hadi kwenye televisheni na kompyuta. Kukiwa na radi usishike kebo hizo hata kuzichomoa. Zichomoe kabla mvua haijafika.

Walio na antena ya intaneti juu ya paa wana adapta yenye matundu mawili, POE (lenye umeme pamoja na data) na LAN. POE inapanda kwenye antena, LAN inakwenda kwenye rauta. Zikibadilishana, antena inazima, na kifaa kilichopata POE kinaweza kuungua, kwa sababu nyingi za adapta hizi hutoa volti 24 bila kuangalia kuna nini upande wa pili. Ziandike kwa wino usiofutika.

Usipande paa la mabati lenye unyevu kwa ajili ya kebo. Na taa nyekundu ya LOS (ishara ya mwanga imepotea) ikiwaka kwenye kifaa cha faiba, usichomoe kiunganishi chake cha kijani uchungulie: mwanga ulio ndani hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Mpigie mtoa huduma.

Fundi akimaliza, kabla ya kumlipa

Mwambie, "Fundi, naomba tupime kila moja pamoja." Kila soketi ipimwe kwa tesita, kisha kwa laptopu, na usome mwenyewe kama kiungo kimeandika gigabiti moja. Kila kebo iwe na lebo ya chumba chake pande zote mbili, na aache mkono mzima wa kebo ya ziada ndani ya boksi la swichi, ili plagi ikiharibika kuwe na cha kukata.